Paketi za vijidudu vya soya zisianikwe juani madukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi paketi za vijidudu vya soya, yaani unga wenye bakteria hai wa kuchanganya na mbegu, maana msimu unakaribia na huku kwetu Ruvuma watu wameshaanza kuulizia mbegu, na kila mwaka muda kama huu habari ni mbolea za Urea na DAP tu, mara ruzuku imefika mara haijafika, mara mfuko umepanda bei, na hiki kitu ambacho kwa mkulima wa soya kingeondoa nusu ya hayo mahangaiko hakuna anayekitaja.

Kwa ambao hawajawahi kusikia ni hivi. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, yaani ile ile tunayoenda kuinunua kwenye Urea, ila mmea wenyewe hauwezi kuichukua hewani. Ndio kuna bakteria wa udongoni wanaitwa rizobia, wanaingia kwenye mizizi ya mazao jamii ya kunde, mmea unawajengea vinundu wakae humo na unawalisha sukari, na wao wanaigeuza ile naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Wajerumani walishathibitisha jambo hili mwaka 1886, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawatoa bakteria hao kwenye vinundu akawakuza maabara. Brazil leo soya yao karibu yote inalimwa hivyo bila Urea, na mwaka 2025 mama mmoja mwanasayansi wa huko, Mariangela Hungria, amepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hii hii ya vijidudu. Nchi inayoongoza duniani kwa kuuza soya nje inategemea vijidudu, sisi tunasubiri meli ya mbolea!

Na soya sio kama kunde, asili yake ni Asia, kwa hiyo kwenye mashamba yetu mengi bakteria wanaoifaa hawapo au ni wachache mno, ndio maana unatakiwa uwapeleke wewe pamoja na mbegu. Kazi yenyewe haichukui hata nusu saa, unakoroga sukari kidogo kwenye maji, unalowanisha mbegu kwenye beseni ukiwa kivulini, unamwagia ule unga mweusi wa kwenye paketi unachanganya taratibu mpaka kila punje imevaa, unapanda siku hiyo hiyo na kufukia haraka. Ila mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu usiichanganye hivi hivi, dawa nyingi za aina hiyo zinawaua bakteria.

Utaalamu tunao jamani. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro walitengeneza paketi za aina hii zinazoitwa Nitrosua miaka mingi iliyopita, wenzetu Kenya wana zao za Biofix, na mradi wa N2Africa ulioanza 2009 umefanya kazi hii nchi nyingi za Afrika. Mambo yanakuja kuharibikia dukani. Msimu uliopita niliingia duka moja la pembejeo, sitalitaja, nikakuta paketi zimepangwa rafu ya juu kabisa karibu na bati, dirisha liko mashariki jua linazipiga asubuhi yote, nageuza moja nyuma nakuta muda wake umeshapita. Namwambia kijana anayeuza, ananijibu kwa heshima kabisa, "Mzee, hiyo si ni mbolea tu? Mbolea haiozi." Simlaumu yule kijana, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya ile paketi kuna viumbe hai na joto linawaua. Lakini fikiria mama aliyeinunua, ametoa hela yake, amechanganya vizuri, amepanda, hajaona tofauti yoyote, anarudi kijijini anasema ni utapeli, na hapo hata ukija na paketi nzuri mwakani nani atakusikiliza?

Wakulima wenzangu, hili mnaweza kulipima wenyewe bila maabara. Soya ikianza kutoa maua chimbeni mche na jembe, msiung'oe kwa kuvuta maana vinundu vitabaki ardhini, osheni mizizi, halafu pasueni kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au pinki bakteria wako kazini, na wekundu ule unatokana na kitu cha jamii moja na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Ukikuta cheupe au kijani, au hamna vinundu kabisa, basi ulichonunua hakikufanya kazi au shamba lina shida nyingine, mara nyingi ni fosforasi kuwa ndogo au udongo kuwa na asidi nyingi. Fosforasi hewani haipo, hiyo lazima uiweke, na mbolea yetu ya fosfeti ya Minjingu ipo. Na msidanganywe kwamba paketi ya soya inafaa na maharage, kila zao lina bakteria wake, na mahindi hayatoi vinundu kabisa, yenyewe yatafaidika tu na kinachobaki shambani mkiyapanda baada ya soya.

Sasa ombi langu kwa TFRA ambao ndio wasimamizi wa mbolea, na kwa wizara. Duka lisiruhusiwe kuuza paketi hizi kama halina friji au angalau sehemu ya baridi isiyofikiwa na jua, tarehe ya mwisho iandikwe kwa maandishi makubwa na maelezo yote yawe Kiswahili, wakaguzi wapite kabla ya mvua sio baada ya mavuno, na kama mfuko wa Urea unapewa ruzuku hii paketi nayo ipewe maana bei yake haifikii hata robo ya huo mfuko. China walishafungua soko kwa soya ya Tanzania tangu 2020, wanunuzi wanakuja mpaka huku vijijini, lakini mavuno kwa ekari bado madogo mno na inaniuma sana kuona hivyo.

Tunaomba wahusika watujibu kupitia gazeti hili kabla ya mvua za Novemba, paketi za msimu huu zinatoka wapi, na hapa Ruvuma tutazipata duka gani lenye friji.

Mkulima wa soya,
Namtumbo, Ruvuma