Mtafiti wa GIS afuate mtaro, asiishie kwenye orodha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme na wanafunzi wanaopewa kazi ya kutafiti jinsi mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani GIS (programu za kompyuta za kuchora na kuchambua ramani), inavyotumika katika fani mbalimbali, pamoja na walimu wanaowasimamia. Mazoea ni kuandika orodha: afya aya moja, kilimo aya moja, ardhi aya moja, basi. Orodha ya namna hiyo haionyeshi data inaharibikia wapi. Heri kushika data ya aina moja na kuifuata kila inakokwenda.

Chukueni mitaro ya Dar es Salaam. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi na wakazi mitaani kuchora nyumba, njia na mitaro ya kata zinazofurika, na kazi hiyo ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Kwa mhandisi, mtaro si mstari tu. Anataka upana, kina, kama ni wa zege au wa udongo, kama umeziba taka, na maji yanaelekea wapi. Mara nyingi programu hufuata mwelekeo ambao mstari ulichorwa; aliyeanzia bondeni akaenda juu amegeuza maji yapande mlima.

Kasheshe kubwa ni kalavati. Droni huona barabara kwa juu, haioni bomba lililopita chini yake. Kompyuta inayokadiria mafuriko nayo huichukulia barabara hiyo kama ukuta wa bwawa, ikafurisha nyumba za upande wa juu ambazo kwa kweli maji hayazifikii. Dawa ni kwenda na futi kamba, kupima kila kalavati, kisha kuikata barabara mahali hapo kwenye data ya mwinuko. Mapaa na miembe pia viondolewe, maana droni huvihesabu kuwa ni ardhi. Anayekwepa kazi hii kwa kuchukua data ya bure ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani, ajue kwamba pikseli yake moja, yaani kijiraba kimoja cha picha, ni kama mita 30 kwa 30 na kosa lake la kimo hufika mita kadhaa. Pale Jangwani, bondeni Dar es Salaam, nusu mita tu ndiyo inayotenganisha sebule kavu na iliyojaa tope.

Mitaro hiyo hiyo ikifika kwa mtu wa afya anayefuatilia kipindupindu, kosa hubadilika sura. Mgonjwa huwekwa kwenye ramani pale alipotibiwa badala ya anapoishi, na ugonjwa wote ukaonekana umezunguka kituo cha afya. Daktari John Snow, London mwaka 1854, aliviweka vifo vya kipindupindu kwenye nyumba walimoishi marehemu, na rundo lake likazunguka bomba la maji la mtaa wa Broad Street. Tena idadi ya wagonjwa igawanywe kwa idadi ya wakazi, la sivyo ramani itaonyesha tu mahali penye watu wengi.

Mitaro hiyo ikipandanishwa na ramani za viwanja, balaa ni mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilitumia mfumo wa Arc 1960; simu na GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukizipandanisha bila kubadili, bikoni (jiwe la mpaka) ya Dar es Salaam husogea takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu 100 mashariki-magharibi, kiwanja kikaingia mtaa wa pili. Ukisahau alama ya kutoa, inayoonyesha kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya -6.8, Dar es Salaam inahamia Ethiopia. Ukibadilishana latitudo na longitudo, inaangukia Hispania.

Kilimo kiko nje ya mtaro wetu, nakitaja kwa ufupi tu: pikseli ndogo kabisa ya setilaiti ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, hivyo eka moja ina kama 40, na karibu nusu yake hugusa mpaka, zikachanganya mahindi yako na mbaazi za jirani. Mawingu ya masika huficha mengine.

Ombi langu kwa walimu: msipokee ramani isiyo na karatasi moja inayosema nani alikusanya data, lini, kwa kifaa gani, kwa mfumo upi wa viwianishi na kwa kazi gani. Tarehe msiisamehe kabisa. Mtaro uliopimwa kabla ya mtu kujenga choo juu yake, leo haupo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam