Vijana wa mwaloni si wazururaji

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama ninayefanya biashara ya dagaa Igombe, hapa Ilemela. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo, na mitumbwi huanza kurudi kabla hakujapambazuka. Anayechelewa mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa, hukuta mzigo umeshanunuliwa. Ndiyo maana njia zetu za ziwani zina watu saa tisa na saa kumi usiku: wanunuzi, wabebaji, vijana wa kuanika. Utawakuta na tochi, ndoo na kisu cha kukatia kamba.

Kipindi cha giza kilichopita mwanangu na wenzake watatu walikamatwa njiani saa tisa usiku. Hawakuulizwa wanatoka wapi wala wanakwenda wapi. Mwanangu alipouliza kosa lake akajibiwa, "Utalijua kituoni." Huko likawa uzururaji na kukutwa na silaha. Silaha yenyewe ni kisu ambacho mpini wake nimeufunga mimi mwenyewe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Nilipokwenda kuuliza niliambiwa, "Mama, usiku polisi hahitaji hati."

Nikamwendea msaidizi wa kisheria, akanisomea Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Ni kweli askari anaweza kukamata bila hati ya mahakama. Anaweza kumkamata anayevunja amani mbele ya macho yake, anayemzuia kufanya kazi yake kwa makusudi, aliyetoroka akiwa chini ya ulinzi halali, na anayekutwa na kitu kinachoshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ni cha wizi. Hilo la mwisho sisi wa ziwani tunalitaka sana. Injini za mitumbwi zinaibwa, nyavu zinaibwa, na mtu anayesukuma injini kwenye toroli usiku wa manane bila maelezo akamatwe hapo hapo.

Na usiku nao umetajwa. Lakini sheria haikuishia kwenye neno usiku. Anayekutwa akirandaranda anakamatwa pale askari anapokuwa na sababu za msingi za kumshuku kwamba ametenda kosa au anakaribia kulitenda. Mwenye silaha anakamatwa ikiwa anayo bila sababu halali. Sasa askari ataijuaje sababu ya kisu kama hakuuliza? Kijana mwenye ndoo mbili, anayeelekea mwaloni wakati wa giza, amebeba jibu lake mkononi.

Hati ya mahakama inapokuwepo, kuna hakimu aliyeipima sababu kwanza. Isipokuwepo, mzigo huo wote anaubeba askari, pale pale barabarani. Ndiyo maana naona kukamata bila hati kunahitaji uangalifu zaidi. Na anayekamatwa anatakiwa aambiwe kosa lake wakati anakamatwa, labda awe amekimbia au mazingira yenyewe yawe yameshaonyesha kosa. Wanangu hawa hawakukimbia. Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu, isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na utaratibu wenyewe ndio huo.

Walitoka jioni kwa dhamana. Dhamana ya polisi haina malipo, lakini niliombwa hela. Mzigo wa siku ile niliukosa, na mmoja wa wenzake mwanangu hajarudi mwaloni mpaka leo kwa woga.

Sitaki doria ziondolewe. Mwanamke anayetembea na fedha za mzigo alfajiri anafurahi kumwona askari. Ninachoomba ni askari waulize kwanza, na wakuu wa vituo wakae na viongozi wa BMU, kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi, wa kila mwalo ili askari wa zamu wajue ni siku zipi za giza watu wanashuka ziwani. Mkuu wa kituo anayehusika aje Igombe kabla giza lijalo halijaanza. Atatukuta asubuhi kwenye vichanja vya kuanikia, na vijana wenyewe watakuwepo.

Mama muuza dagaa,
Igombe, Mwanza