Wanaowania uongozi wa vyama vya saratani ya ngozi watukumbuke

Ndugu Mhariri,

Kule Marekani, miongoni mwa wapasuaji wanaowania uongozi wa vyama vya saratani ya ngozi wamo mabingwa wa upasuaji wa Mohs: ngozi hukatwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likapimwa kwa hadubini papo hapo, mpaka saratani iishe. Ni ufundi wa kuheshimiwa.

Lakini hapa Tanga, ndugu zetu wenye ualbino wanaoshinda juani soko la samaki la Deep Sea hufika hospitali kidonda kimeshakula sikio. Mabingwa wetu wanaotaka uongozi wa vyama hivyo waseme kwanza: mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, yatafikaje Pangani na Muheza, tena bure?

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga