Kagueni banda kabla ya kupiga marufuku mbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyetaka halmashauri zipige marufuku ufugaji wa rotwaila, pitibuli na boaboeli mijini, kwa hoja kwamba mbwa hao huzaliwa na ukatili. Uchungu wake nauelewa. Aliandika kama mzazi, na mtoto akishang'atwa usoni hakuna anayetaka kusikiliza nadharia. Lakini kazi yangu mimi ni mbwa. Nilianzia kampuni moja ya ulinzi Dar es Salaam nikiongoza mbwa wa doria ya usiku, na sasa nafundisha mbwa wa watu majumbani, kuanzia Kibaha hadi Mbezi na Tegeta. Ninayoyaona nyuma ya mageti hayafanani na aliyoyaandika, na nikinyamaza tutaishia kutunga sheria ambayo watoto wataendelea kung'atwa nayo ikiwepo.

Mbwa wa mjini analelewaje? Mtu anajenga nyumba, anapandisha ukuta, anazungusha nyaya juu, kisha anatafuta mbwa mkali. Anamnunua barabarani, kwa vijana wanaopita katikati ya foleni wamebeba watoto wa mbwa kifuani. Mtoto huyo mara nyingi ana wiki nne au tano, tumbo limejaa minyoo, bado anatafuta ziwa la mama yake. Anafikishwa nyumbani, anafungiwa kwenye banda la tofali lenye mlango wa nondo, na humo ndimo atakamoishi mchana kutwa maisha yake yote. Anafunguliwa usiku watu wakishaingia ndani, anarudishwa alfajiri watoto hawajatoka kwenda shule. Hajui mgeni anafananaje. Hajawahi kunusa mkono wa mtoto. Muuza mboga kwake ni sauti tu ng'ambo ya ukuta. Mwenye nyumba hamlishi. Anayemlisha ni kijana wa kazi, ambaye naye anamwogopa. Halafu siku geti likisahauliwa wazi, tunasema ni damu.

Na bado tunaongeza yetu. Nimekuta wanaomchanganyia mbwa pilipili kwenye ugali, wanaomlisha mavu, wanaompa bangi, wanaomkata mkia kwa panga wakiamini ukali utaongezeka. Mbwa husemea mkia na masikio. Kabla ya kung'ata hukaza mwili, hujilamba midomo hali hakuna chakula, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, ndipo hunguruma. Ukimkata mkia umemnyang'anya sehemu ya onyo lake, na ukimpiga kila anaponguruma umemfundisha aache kuonya. Mbwa wa namna hiyo ndiye anayeng'ata "ghafla".

Niliitwa nyumba moja Mbezi kumtazama rotwaila dume ambaye tayari alikuwa ameng'ata watu kadhaa. Mwenye nyumba, mama mstaarabu kabisa, aliniambia, "Mwalimu, huyu hafai, ni mbegu yake." Nikaomba nioneshwe banda linavyosafishwa. Kijana akaja na fagio la mpini mrefu, akafungua mlango kiasi cha kupenyeza mkono, akamsukuma mbwa kwa fagio mpaka kona, akamwaga maji ndoo nzima, mbwa akalowa chapachapa akiwa amebana ukutani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu mbwa yule akiwa mdogo. Nikauliza walioumwa ni akina nani. Fundi bomba aliyekuwa amebeba kipande cha bomba. Shangazi aliyekuja na mwavuli. Mtoto wa jirani aliyeingia kufuata mpira, ameshika fimbo. Wote walikuwa na kitu kirefu mkononi, na hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyewahi kuliunganisha hilo na fagio.

Tukaliondoa fagio. Mbwa akawa anafungwa chini ya mwarobaini wakati banda linasafishwa. Mimi nikawa nakaa chini kando ya mlango wa nondo, nimempa mgongo, narusha dagaa mmoja mmoja nyuma yangu bila kumtazama. Mwanzoni alisimama kama gogo na dagaa wakaliwa na sisimizi. Baadaye nikaanza kusikia pumzi yake karibu na bega. Kisha kijana wa kazi akachukua nafasi yangu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu zaidi, kwa sababu mbwa alimjua kama mtu wa fagio. Leo kijana huyo anamtembeza jioni kwa kamba. Wageni wakija mbwa anavalishwa kifunga mdomo, na nimemwambia yule mama kwamba hilo litaendelea daima, maana yaliyoingia utotoni hayafutiki yote. Mbegu yake haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni asubuhi zake.

Wataalamu wameyathibitisha haya zamani. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa mbwa kule Bar Harbor, Marekani, na kutoa matokeo yao mwaka 1965, walionesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi mtoto wa mbwa yuko wazi kuzoea viumbe wengine. Asiyeguswa na binadamu kipindi hicho hukua akiwaogopa, na mbwa anayeogopa akikosa pa kukimbilia hung'ata. Miongoni mwa mbwa wao walikuwamo basenji, mbwa wenye asili ya Kongo. Watoto wa basenji walikuwa waoga na wenye kung'ata kuliko wenzao mwanzoni, ila walipozoeshwa kushikwa na watu, woga ule ulipungua haraka. Sasa hesabu mwenyewe: huyo wa wiki nne anayenunuliwa kwenye foleni na kutupwa bandani, kipindi hicho karibu chote kinapita akitazama tofali. Tena amekosa somo la ndugu zake. Watoto wa mbwa wakicheza, mmoja akimbana mwenzake meno kupita kiasi, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Hapo ndipo mbwa hujifunza kupima nguvu ya taya zake.

Sitaki msomaji mwenzangu adhani nakataa kwamba damu ina sehemu yake. Ina sehemu. Dmitry Belyaev alianza kufuga mbweha wa manyoya huko Siberia mwaka 1959, akiwachagua wale wapole tu wazaliane. Mwenzake Lyudmila Trut akaiendeleza kazi hiyo miaka mingi. Walipata mbweha wanaotikisia watu mkia, na kwa kuchagua kinyume wakapata ukoo wa mbweha wakali. Hata kiinitete (mimba changa kabisa) cha mbweha mkali kilipopandikizwa kwa mama mpole, mtoto alitoka mkali. Kwa hiyo tabia hurithiwa, na mfugaji anayezalisha kutoka kwa dume lenye hasira ili auze watoto "wakali" anafanya dhambi kubwa.

Lakini angalia vizuri: wale mbweha walichaguliwa mmoja mmoja kwa tabia, kizazi hata kizazi. Jina "rotwaila" halifanyi kazi hiyo. Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Science lilitoa utafiti wa Marekani uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, na wepesi wa mbwa kuchokozeka ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo aina haikuweza kuyatabiri. Hilo nililiona kwa macho yangu kwenye kampuni ya ulinzi. Tulipokea mbwa wawili wa aina ya jamani shepadi (German Shepherd) wa tumbo moja, mmoja akawa hodari wa doria, ndugu yake radi ikipiga anajichimbia chini ya meza ya mkuu wa zamu.

Kitu ambacho aina inakuambia kwa uhakika ni ukubwa. Rotwaila dume hufika kilo 50 na zaidi. Akikosea, kosa lake halifanani na la mbwa wa kienyeji mwembamba. Ndiyo maana anayetaka mbwa mkubwa abebe wajibu mkubwa, na hapo tuko pamoja na mwandishi mwenzangu.

Kuhusu marufuku, walioijaribu wapo. Uingereza ilipiga marufuku pitibuli na aina nyingine tatu kwa sheria ya mwaka 1991. Wafugaji wakaja na mbwa mwingine mkubwa ambaye hakuwa kwenye orodha, XL Bully, na baada ya vifo kadhaa serikali ikalazimika kumwongeza. Tangu Februari 1, 2024 kummiliki bila kibali ni kosa England na Wales. Uholanzi ilizuia pitibuli mwaka 1993, ikaiondoa sheria hiyo 2008 baada ya kuona watu bado wanang'atwa. Na walipokamatwa pitibuli wa Michael Vick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, huko Virginia, Marekani, mwaka 2007, mbwa waliozalishwa kwa ajili ya mapigano hasa, wengi walidhani wote watauawa. Zaidi ya 40 waliokolewa, na kadhaa kati yao wakaishia kwenye nyumba za watu zenye watoto. Kama kuna mbwa ambao mbegu ilipaswa kuwahukumu, ni wale.

Neno moja kwa ndugu zangu wa Pwani. Wengi wetu hatumwingizi mbwa ndani, wala hatutaki mate yake, na dini ya mtu iheshimiwe. Mbwa hahitaji kulala sebuleni ili awe na adabu. Anahitaji kutolewa bandani mchana, kuona watu, kulishwa na mkono usiotetemeka, na kutopigwa mawe na watoto wanaotoka shule. Mtoto naye afundishwe kusimama tuli mbwa anapomkaribia, asikimbie, asimkazie macho. Na akishaumwa, hata kama ni mkwaruzo wa jino, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Ninachokiomba kwa halmashauri kinawezekana. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tunahimizana chanjo, watu wakikokota mbwa kwa minyororo mpaka ofisi ya kata. Mbwa wakali hasa hawaletwi, maana hakuna anayethubutu kuwafunga kamba. Afisa mifugo awafuate majumbani, achanje, na akiwa pale atazame banda: mbwa anatoka mchana au hatoki, ana nafasi ya kugeuka au hana, anasafishiwaje. Uuzaji wa watoto wa mbwa walio chini ya wiki nane barabarani ukomeshwe. Mwenye mbwa akisajili awe na jina lake kwenye daftari la mtaa, na mbwa wake akiuma mtu alipe matibabu yote bila kuzungushana.

Afisa mifugo wa kata yoyote ya Kibaha atakayetaka kuanza ukaguzi huo, niko tayari kuongozana naye nyumba kwa nyumba bila malipo, na mabanda magumu nitayafungua mimi.

Mkufunzi wa mbwa,
Kibaha, Pwani