Kwa Vijana Mnaotengeneza Modeli za Watu na Ardhi

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi mlioko vyuoni Morogoro, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, mnaomtengeneza mkulima ndani ya kompyuta. Mnampa shamba, ng'ombe na kanuni ya kuamua, halafu mnabonyeza kitufe muone ardhi itakuwaje miaka 30 ijayo. Kazi hiyo naiheshimu. Mimi nimestaafu kwenye mipango ya matumizi ya ardhi. Zana zetu zilikuwa karatasi za manila, kalamu za rangi, na ramani iliyochorwa kwa majivu chini ya mwembe. Tungepata chombo cha kujaribu mpango kabla haujamgusa mtu, tungeshukuru sana.

Neno langu ni juu ya ile kanuni. Mstari mnaouandika, "faida ikizidi gharama, analima", ni dai juu ya binadamu. Mkiukosea, kompyuta haitawaambia. Itawachorea ramani nzuri tu, yenye rangi.

Chukueni Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 hivi. Kwa msiojua, ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kikishakolea, ili ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia wapate cha kula. Mkoa ulikuwa mweupe. Tangu enzi za Mwingereza miti ilifyekwa kupambana na mbung'o, pamba ikala mapori, mifugo ikaongezeka. Mtafiti ambaye angekusanya takwimu zake mwaka ule angempata mfugaji asiyejali kesho: anaongeza ng'ombe, anakata mti, akimaliza anasogea mbele. Modeli yake ingelingana na takwimu barabara, naye angepongezwa. Na ingemwambia kwamba baada ya miaka 20 Shinyanga ni jangwa.

Ilipofika mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika mamia ya vijiji. Walioziotesha ni watoto wa wafugaji wale wale, na wengine ni wao wenyewe.

Ilikuwaje? Katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwatoa watu kwenye maboma yao, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Nani atafunga malisho leo ikiwa hajui kama kiangazi yatakuwa yake? Baadaye watu walipoanza kurudi kwenye maeneo yao, na serikali ikakubali kwamba kaya na kijiji vinaweza kuwa na ngitili, hesabu ikageuka. Dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, ikakaa ikapanga, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakalinda, aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati akatozwa faini. Kile ambacho mtafiti wa 1986 angekiita tabia ya mfugaji kilikuwa jibu lake kwa ardhi isiyo na mwenyewe. Ukiligandisha jibu hilo ndani ya programu ukaliita tabia, umefunga mlango ambao watu walikuja kupita. (Siwafichi, ngitili nazo zina yake. Zile za watu binafsi ziliwanufaisha zaidi wenye ardhi, na asiye na eneo alibaki ananunua majani ya jirani. Hilo nalo mliweke ndani.)

Garrett Hardin, mwanaikolojia Mmarekani, aliandika mwaka 1968 kwamba kwenye malisho ya pamoja kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, na mmoja tena, mpaka wote waangamie. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alifafanua kwamba alikuwa akizungumzia malisho yasiyosimamiwa. Elinor Ostrom akapewa Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha jinsi watu wa kawaida wanavyojiwekea kanuni na kuzisimamia. Haya mmefundishwa, najua. Lakini nikifungua ripoti za washauri wa siku hizi, mara nyingi nakuta Hardin wa 1968 bado anachunga mle ndani.

Halafu jiulizeni ni nani hasa anayeamua. Dodoso lenu limeandika "mkuu wa kaya". Mnaketi naye nje ya nyumba, anawajibu: ekari tano, nne mahindi, moja mpunga, ng'ombe ishirini. Mnaandika, mnashukuru, mnaondoka. Kumbe katika wale ishirini, saba ni wa shemeji yake, wamewekwa pale ili ukame ukipiga upande mmoja wasiishe wote. Hao hawezi kuwauza hata bei ipande vipi. Ekari ya mpunga ni ya mama. Ndiye anayejua mbegu zitamwagwa lini kitaluni, na msimu huu ameamua kupunguza kwa sababu binti aliyekuwa akimsaidia kupandikiza ameolewa. Yuko pia kijana Mbeya mjini anayetuma pesa kwa simu, na likija suala la kuuza shamba, neno lake linamshinda baba. Safu yenu ya "mkuu wa kaya" imewafuta wote watatu.

Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza tangu miaka ya 1950 kwamba mtu hatafuti kilicho bora kuliko vyote. Hana muda wala taarifa za kutosha, kwa hiyo anashika kinachomtosha. Vijijini kwetu kinachotosha ni chakula cha mwaka. Ghala likishakuwa na uhakika wa mahindi ndipo mtu anaanza kusikiliza habari za faida. Kabla ya hapo, mtajieni bei ya alizeti mpaka koo likauke.

Sasa twende bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Kuanzia kiangazi cha mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kabisa ndani ya hifadhi ya Ruaha. Miaka hiyo bwawa la Mtera lilishuka, mgao wa umeme ukaja, na lawama zikawaangukia wafugaji na wakulima wa mpunga. Maelezo yalikuwa mepesi: ng'ombe wamekanyaga Ihefu, kinamasi cha Usangu, na mpunga umekunywa mto. Waliokwenda kupima walikuta mambo yamesukana zaidi ya hapo. Maji mengi yanayofika Mtera huja wakati wa mvua, kwa hiyo mto kukauka Oktoba hakutoshi kueleza bwawa kushuka. Maji ya kiangazi hutoka Ihefu kwa kupita juu ya mwamba pale N'giriama. Kina kikishuka chini ya mwamba, mto unakatika. Na yale mabanio ya zege, yaani vizuizi vya kugeuzia maji ya mto kwenda mashambani, yaliyojengwa kwa nia njema ya kuboresha umwagiliaji, yaliwapa watu wa juu ya mto uwezo wa kuchukua karibu maji yote ya kiangazi. Banio la kienyeji la miti, mawe na nyasi halikuweza hivyo, maana lilikuwa linavuja, na kule kuvuja ndiko kulikomnywesha wa chini. Mhandisi akiona maji yanavuja anaandika "upotevu". Modeli yenu itaandika nini?

Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa Usangu, wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka viangazi vilivyofuata. Modeli iliyokata mpaka wake kwenye ukingo wa bonde ingeonyesha ng'ombe wamepungua, nyasi zimerudi, kazi imekwisha. Ng'ombe wenyewe walikuwa wameshafika Kilwa na Rufiji, na ugomvi wa mkulima na mfugaji ulikwenda nao.

Huko huko Usangu palikuwa na modeli nyingine, ya mbao. Aliibuni Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, na ilitumika miaka ya mwanzo ya 2000 katika utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine. Ni ubao mrefu ulioinamishwa, umechongwa mto katikati, na matundu ya pembeni ndiyo mashamba. Gololi zinamwagwa juu, hizo ni maji. Kila mchezaji ana kijiti cha kukingia, hilo ndilo banio lake. Mara ya kwanza kila mtu anacheza kivyake: watu wa juu wanajaza matundu mpaka yanashiba, wa chini anatazama ubao mtupu. Kisha wanacheza tena, safari hii wakiwa wamekubaliana kwanza, na baada ya hapo hakuna anayetaka kuondoka. Wanaanza kujadili mfereji wao wenyewe.

Pale hakuna mtafiti aliyeandika kanuni ya mkulima. Mkulima ameshika kijiti mkononi, jirani wa chini anamwangalia usoni, na aibu inaingia kwenye hesabu. Aibu hiyo sijaiona katika programu yoyote niliyowahi kuonyeshwa, ingawa nimeonyeshwa nyingi na vijana wenye subira.

Sisemi muitupe kompyuta. Wafaransa kina Olivier Barreteau, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bonde la Mto Senegal, waliunganisha vyote viwili: modeli ya kompyuta, na mchezo ambao wakulima waliucheza ili waione modeli ilivyodhani juu yao na kuisahihisha. Mwaka 2013 Birgit Müller na wenzake nao walipanua utaratibu wa kueleza modeli za namna hii, wakaongeza maswali ya wazi: nani anaamua, anataka nini, anajua nini, anajifunza vipi, mila zinamgusa wapi. Mengi kati ya maandiko ninayoletewa na vijana hujibu maswali hayo kwa sentensi moja moja, kama fomu ya hospitali. Yajibuni kwa kurasa.

Na mkishayajibu, yarudisheni kijijini. Kwa sheria zetu mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo wenye mamlaka juu ya kanuni yenu wako pale. Wasomeeni kwa Kiswahili cha kawaida: "Sisi tumedhani kwamba mvua ikichelewa wiki tatu, mtauza ng'ombe kwanza kabla ya kupunguza shamba. Ni kweli?" Msiende siku ya mnada. Wanawake kaeni nao peke yao kabla ya mkutano, maana mbele ya wanaume wengi watasema "ndiyo" ili kikao kiishe wakateke maji. Atakayecheka kanuni yenu mfuateni nyumbani, huyo ana habari.

Halmashauri itawaomba ramani tu. Wapeni, lakini ukurasa wa kanuni uwe mbele ya ramani, ili diwani na mwenyekiti wa kijiji wasome mlichodhani juu ya watu wao kabla hawajaona rangi. Na modeli ikitoa jibu kwamba kundi fulani lihamishwe, msiikabidhi mpaka iwe inaonyesha pia linahamia wapi, nani yuko huko tayari, na ardhi ya huko itakuwaje baada ya miaka kumi.

Mzee wenu,
Mstaafu wa mipango ya matumizi ya ardhi