Mchango wa kodi ya nyumba ufike kabla ya kufuli, na usitoke bila karatasi

Mhariri,

Matangazo mengi ya kuomba michango kwa ajili ya familia inayofukuzwa kwenye nyumba hutoka vyombo vikiwa tayari vimetupwa nje. Picha ya godoro na masufuria barabarani inagusa mioyo, fedha zinapatikana kwa siku mbili, lakini mlango umeshafungwa na mpangaji mwingine ameshalipia chumba. Fedha zile zile zingefika wiki tatu nyuma, siku notisi ilipoletwa, zingetosha kuibakiza familia ndani. Baada ya kufukuzwa gharama huongezeka: kodi ya kuanzia, amana, ada ya dalali, usafiri wa vyombo, na deni la kwanza bado linawafuata.

Naomba nafasi nizungumze na wanaochanga na wanaosimamia mifuko ya jamii, yaani ile ya watu wanaochangishana kusaidia wenzao.

Kazi inaanza kwa kuisoma notisi yenyewe. Iliandikwa lini, inadai kiasi gani, inampa mpangaji mpaka tarehe ngapi? Notisi ya mwenye nyumba si amri ya mahakama. Katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au kukata maji ili mpangaji aondoke, hata kama deni ni la kweli. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, katika Maoni yake ya Jumla Na. 7 ya mwaka 1997, ilisema watu wanaotolewa kwenye makazi wapewe notisi ya muda wa kutosha, wasikilizwe, wawe na njia ya kudai haki kisheria, na wasitolewe usiku au katika hali mbaya ya hewa bila ridhaa yao. Wapangaji wengi hawalijui hili. Wengine hukimbia kwa aibu siku notisi inapofika, wengine huiweka samansi, yaani wito wa mahakama, chini ya mto na kuomba Mungu. Mpangaji asipotokea mahakamani, hukumu hutolewa upande mmoja, na kuitengua ni kazi kubwa kuliko kuizuia. Mtu wa kumsindikiza siku ya kesi, mwenye bahasha ya nyaraka mkononi, ni msaada unaogharimu nauli tu.

Waendao kuitembelea familia wawe wawili. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, kimejengwa juu ya kuwatembelea wahitaji majumbani, na desturi yake ni kwenda wawili wawili. Sababu ziko wazi: mmoja anazungumza, mwingine anaandika, na hakuna atakayesema baadaye kwamba aliahidiwa hiki au aliombwa kile. Waombe mkataba wa kupanga, risiti, rekodi za malipo ya simu au benki, notisi, na samansi kama ipo.

Kisha wakae na familia wachore jedwali: mwezi, kodi iliyotakiwa, iliyolipwa, uthibitisho, salio. Hapa ndipo deni hubadilika sura. Chukua deni linalotajwa kuwa la miezi 5. Mwezi mmoja ulilipwa kwa msimamizi wa zamani na risiti ipo. Nusu mwezi ni adhabu ya kuchelewa ambayo haimo kwenye mkataba. Deni halisi ni miezi 3 na nusu. Mfuko ungelipa bila kuhesabu, ungepoteza mwezi mmoja na nusu wa familia nyingine.

Swali linalofuata ni gumu, na vikundi vingi hulikwepa: mwezi ujao kodi itatoka wapi? Kama kipato kilikatika kwa ugonjwa au kazi iliyosimama na sasa kimerudi, lipeni. Kama hata baada ya deni kuisha kodi itakula zaidi ya nusu ya kipato cha nyumba, mtakuwa mmenunua miezi miwili tu. Hapo ni afadhali kumwomba mwenye nyumba asamehe deni lote au sehemu yake, familia iondoke kwa hiari kwa tarehe iliyokubaliwa, na fedha za mfuko zilipie kuingia kwenye nyumba ya kodi nafuu. Haipendezi, lakini inawaepusha na dalali wa mahakama.

Sasa mazungumzo na mwenye nyumba. Msiende kama wagomvi. Naye pengine anadaiwa na benki, na anajua kwamba kumtoa mtu kunamgharimu ada za kesi, ukarabati na miezi ya nyumba kukaa tupu. Ndiyo maana wengi hukubali theluthi mbili mkononi leo kuliko deni zima la kwenye hukumu. Kosa linaloangusha michango mingi kuliko mengine yote ni kulipa sehemu ya deni bila makubaliano. Mwenye nyumba anapokea, anaihesabu kwanza kwenye adhabu na gharama za kesi, salio la kodi linabaki palepale, na kesi inaendelea. Wachangaji wanashangaa: si tulilipa?

Kwa hiyo fedha isitoke kabla ya karatasi kusainiwa, na karatasi yenyewe iseme waziwazi: «Nimepokea kiasi hiki kikiwa malipo kamili ya kodi ya miezi fulani hadi tarehe fulani. Sidai adhabu wala gharama nyingine kwa kipindi hicho. Notisi ya tarehe fulani nimeifuta, na kesi nitaiondoa ndani ya siku 7. Mpangaji ataendelea kukaa kwa masharti ya mkataba.» Kama kuna kiasi kimebaki, andikeni awamu zake na tarehe zake hapohapo. Saini ni za mwenye nyumba, mpangaji na shahidi. Malipo yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba. Yakipitia kwa wakala, awe na barua inayomruhusu kupokea. Kesi ikiwa imefunguliwa, mtu afuatilie masjala ya mahakama hadi aone imeondolewa kweli. Ahadi ya mdomo haifuti tarehe ya kusikilizwa.

Panapokuwa na wachangaji kadhaa, tatizo ni kusubiriana: kanisa linangoja msikiti, wote wawili wanangoja ndugu, na siku zinakwisha. Mratibu mmoja akusanye barua za ahadi zenye kiasi, zikitimia deni, fedha zote zitoke siku moja.

Toeni ruzuku, msikopeshe. Mkopo wa kulipia kodi hurudishwa kwa kodi ya mwezi unaofuata, na deni jipya huzaliwa mahali pa lile la zamani. Wala hauhitajiki mfuko mkubwa. Watu 30, kila mmoja akitoa sehemu ya thelathini ya kodi ya mwezi mmoja, kila mwezi, wanapata kodi 12 kwa mwaka. Familia yenye deni la miezi 3 ikijitafutia mmoja na mfuko ukalipa miwili, hizo ni familia 6 zilizobaki majumbani, watoto wakibaki kwenye shule zao.

Jina la familia libaki kwa watu wawili waliotembelea na mweka hazina. Wachangaji wapewe namba ya shauri katika daftari la mfuko, kiasi na nakala ya risiti iliyofichwa majina. Anayejua kwamba picha yake itasambazwa hatakuja mapema. Atakuja siku ya kufuli.

Baada ya malipo, mtu apige simu siku tano kabla ya tarehe ya kodi, kwa miezi mitatu mfululizo. Mwezi wa pili ndio wa hatari, kwa sababu madeni madogo ya dukani na ya majirani, yaliyokuwa yakingoja, hudaiwa yote kwa pamoja.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Gazeti linapochapisha tangazo la kumchangia mtu anayefukuzwa, liulize na kuandika mambo matatu: tarehe ya mwisho iliyo kwenye notisi, kiasi kilichohakikiwa kwa risiti, na kama mwenye nyumba amekubali kwa maandishi kusitisha kumfukuza mpangaji akilipwa.

Msomaji wako,
Mfuatiliaji wa mifuko ya jamii