Wycombe haikubebwa, ilikuwa na kiporo

Ndugu Mhariri,

Mashabiki wa soka la Uingereza wakianza kutaja timu zilizopanda daraja kwa kubebwa, Wycombe Wanderers ya msimu wa 2019/20 haikosi kuingizwa: ilikuwa ya 8, ligi ikasimama kwa corona, mara ikawa ya 3, na Julai ikapanda. Yote kweli, isipokuwa hilo la kubebwa. Naomba nafasi tuupigie hesabu msimamo ule.

League One, ambayo ni daraja la tatu, ilisimama Machi 13, 2020. Siku hiyo timu tatu zilikuwa na pointi 59 kila moja: Peterborough kwa mechi 35, Sunderland 36 na Wycombe 34. Msimamo wa kawaida haujali viporo, yaani mechi ambazo timu haijacheza huku wenzake wameshacheza. Pointi zikilingana unatazama tofauti ya mabao, na kwa mabao Peterborough ikakaa ya 6, Sunderland ya 7, Wycombe ya 8. Juni 9 klabu zikapiga kura msimu uishie hapo, kwani timu za daraja hilo huishi kwa viingilio, na kucheza bila watazamaji huku wachezaji wakipimwa kila mara kungezimaliza. Ili kupanga nafasi, pointi zikagawanywa kwa idadi ya mechi zilizochezwa, ukapatikana wastani. Kwa Wycombe, 59 kwa 34 ni 1.74. Peterborough ikapata 1.69 na Sunderland 1.64. Oxford, Portsmouth na Fleetwood zilikuwa na pointi 60 kwa mechi 35, yaani 1.71. Ndivyo Wycombe ilivyozipita tano kwa mkupuo. Juu yake zikabaki Coventry (pointi 67, mechi 34) na Rotherham (62 kwa 35), zilizopanda moja kwa moja.

Tena wastani haukuipandisha Wycombe daraja. Uliipa tu tiketi ya mchujo wa timu nne, za nafasi ya 3 hadi ya 6, ambao mshindi wake ndiye hupanda. Huko iliitoa Fleetwood kwa jumla ya mabao 6-3, kisha Julai 13 ikaifunga Oxford 2-1 pale Wembley kukiwa na viti vitupu, la ushindi likiwa penalti ya Joe Jacobson. Timu hiyo ya kocha Gareth Ainsworth ilikuwa ikiongoza ligi mwezi Desemba, kwa hiyo zile pointi 59 hazikuokotwa.

Hata hivyo Peterborough, walioshushwa toka ya 6 hadi ya 7, walikuwa na haki ya kununa. Tuseme Wycombe ingecheza kiporo chake ikafungwa: 59 kwa 35, wastani uleule wa Peterborough, na kwa tofauti ya mabao ingeangukia nafasi ya 7, nje ya mchujo. Yaani mechi moja ambayo haikuchezwa ndiyo iliyotenganisha nafasi ya 3 na ya 7. Wastani pia haujui mechi zilizobaki ni dhidi ya nani, wala nani anacheza nyumbani. (Peterborough walipanda mwaka uliofuata wakiwa wa pili, msimu uleule Wycombe waliposhuka kwa pungufu ya pointi 1.)

Lakini anayetafuta timu iliyoonewa amekosea kutazama juu ya msimamo. Ashuke chini kabisa.

Msimu ulianza vibaya tangu Agosti. Bury, mwanachama wa ligi tangu 1894 na iliyokuwa imetoka kupanda, ilifukuzwa Agosti 27, 2019 kwa matatizo ya fedha, kabla haijacheza hata mechi moja ya ligi. Zikabaki timu 23, kila moja ikidaiwa mechi 44 badala ya 46, na wa kushuka wakawa watatu badala ya wanne. Bolton nayo ilianza na pointi 12 pungufu kwa kuwekwa chini ya wasimamizi maalumu kwa sababu ya madeni. Ilimaliza na 14 kwa mechi 34. Hata ingerudishiwa zile 12, wastani wa 0.76 usingeiokoa. Southend, pointi 19 kwa mechi 35, haina la kusema.

Nafasi ya tatu ya kushuka ndiyo yenye maneno. AFC Wimbledon ilikuwa na pointi 35 kwa mechi 35, wastani 1.00. Tranmere Rovers ilikuwa na 32 kwa mechi 34, wastani 0.94, kiporo kikiwa mkononi, na ilikuwa imeshinda mechi tatu mfululizo ligi iliposimama. Mwenyekiti wake, Mark Palios, alipendekeza hesabu iwekewe kiwango cha makosa kutokana na misimu iliyopita, timu zinazokaribiana kiasi hicho zisihukumiwe kwa wastani mtupu. Pendekezo lilikuwa la kiufundi na la maana. Klabu zililikataa, na Tranmere ikashushwa kwa pengo la pointi 3 huku ikiwa na mechi 10 ambazo haijacheza.

Msomaji wako,
Tanga